Kicheko cha Lafudhi: Vichekesho vya Uingereza na vya Kenya kwa Sikio la Mtu wa Samburu

Utangulizi

Mtu wa Samburu akijitambulisha jijini Nairobi hutazamwa kichwani na shingoni, kana kwamba wenziwe wanautafuta ushanga na ngeu alivyovisahau nyumbani. Wakenya walio wengi walisikiapo jina hilo huwafikiria wafugaji wa kaskazini, ambao wana kaunti yao wenyewe. Samburu yetu sisi imo katika Kaunti ya Kwale, kando ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi, baina ya Mariakani na Taru. Ina stesheni ya reli ya zamani, na wenyeji wake walio wengi ni Waduruma. Mwandishi wa makala haya amelisahihisha kosa hilo mara nyingi hata ameacha kulisahihisha. Lakini amegundua kwamba kosa lenyewe huchekesha pale tu ambapo msikilizaji anazijua Samburu zote mbili. Aijuaye moja peke yake hushangaa, na asiyeijua hata moja huuliza swali jingine.

Jambo hilo dogo ndilo lililotusukuma kuandika. Tunakusudia kueleza namna kicheko cha lafudhi kinavyofanya kazi, yaani kile kicheko kinachozuka mtu anapoisema lugha moja kwa sauti za lugha nyingine. Tutaanza na vipindi vya televisheni vya Uingereza vya mwisho wa karne ya ishirini, kwa sababu baadhi yake vilitufikia sisi wenyewe na kutuingia masikioni. Kisha tutavilinganisha na vichekesho vya Kiswahili vilivyotangazwa Kenya katika miaka hiyo hiyo. Si nia yetu kuthibitisha kwamba hivi vilizaliwa na vile. Kabla televisheni haijaenea, Mzee Pembe na Kipanga walikuwa wamekwisha kuwavunja mbavu wasikilizaji wa redio kwa Kiswahili, wala hapana ushahidi kwamba walihitaji kufundishwa na Mwingereza namna ya kumkejeli mtu mwenye tamaa. Tunalolitafuta ni jingine: nani anamcheka nani, na kwa kujua nini.

Darasa la Bwana Brown

Miongoni mwa vichekesho vya Kiingereza vilivyoonyeshwa Kenya katika miaka ya 1980 na 1990, hakuna kilichokumbukwa sana kuliko Mind Your Language, jina ambalo kwa Kiswahili twaweza kulifasiri ‘Chunga Ulimi Wako’. Kiliandikwa na Vince Powell kwa kampuni ya London Weekend Television, na kipindi chake cha kwanza kilionyeshwa Uingereza tarehe 30 Desemba 1977. Mwalimu kijana, Jeremy Brown, aliyeigizwa na Barry Evans, anawafundisha Kiingereza wageni waliohamia London, katika darasa la jioni. Wamo humo Mpakistani, Kalasinga, mama wa Kihindi asiyeacha kufuma, Mwitaliano, Mhispania, Mgiriki, Mfaransa, Mjerumani, Mjapani na Mchina. Mwalimu mkuu, Bi Courtenay, huingia darasani bila kubisha hodi, na daima huingia wakati mbaya.

Mpango wa kila kipindi ni mmoja. Mwalimu hutoa neno. Mwanafunzi hulipokea kwa maana isiyokusudiwa. Mwanafunzi wa pili hulikosoa kosa kwa kosa kubwa zaidi. Hadithi haiendi popote, wala haihitajiki kwenda. Msomaji aliyepata kufundisha darasa la watu wazima atakubali kwamba, chumvi ikiondolewa, mambo huwa hivyo hivyo.

Waingereza wenyewe hawakuafikiana juu ya kipindi hicho. Baada ya misimu mitatu, mwaka 1979, kilisimamishwa. Michael Grade, aliyekuwa mkuu wa vipindi katika kampuni ile, alikiona kuwa kinawadhalilisha wageni kwa kuwafanya vikaragosi vya mataifa yao. Kilirudishwa kwa muda mfupi mwaka 1986. Lakini wakati kilipokuwa kinaonewa haya kwao, kilikuwa kimekwisha kuuzwa nchi nyingi za ng’ambo, na huko kilipendwa mno, zikiwemo nchi za watu wale wale waliosemekana kudhalilishwa. Wahindi walikwenda mbali zaidi: mwaka 1993 televisheni yao ya taifa ilitoa Zabaan Sambhalke, ambamo darasa ni lile lile ila lugha inayofundishwa ni Kihindi.

Hapa pana fumbo linalotaka kufumbuliwa. Iweje kichekesho ambacho Mwingereza anakionea aibu kwa niaba ya Mpakistani kipendwe na Mpakistani mwenyewe? Jawabu la haraka ni kwamba watu hupenda kujiona, hata katika kioo kibovu. Sisi tunadhani liko jawabu lililo karibu zaidi na isimu. Mtazamaji wa London alikuwa mwenye lugha. Alikaa upande wa Bwana Brown, na kila kosa la Ali au la Giovanni lilimthibitishia kwamba yeye yumo ndani na wale wako mlangoni. Mtazamaji wa Mariakani hakuwa na kiti upande huo. Kiingereza kilikuwa lugha yake ya tatu: ya kwanza Kiduruma, ya pili Kiswahili. Alipolisikia swali la Bwana Brown, alianza kwa kulijibu yeye mwenyewe kimoyomoyo, kisha akangoja aone kama amekosea pamoja na Ali. Alikuwa mwanafunzi wa kumi na moja katika darasa la watu kumi.

Mwandishi anakumbuka kukitazama kipindi hicho dukani, televisheni ikiendeshwa kwa betri ya gari, watu wazima wakikaa mbele juu ya magunia na watoto wakichungulia mlangoni. Tulicheka pamoja na wakubwa, nyingine tukizielewa na nyingine tukizicheka kwa kuwa wao wamecheka. Asubuhi yake tulikwenda shuleni, ambako mtoto aliyesikiwa akisema lugha ya nyumbani alivishwa kibao shingoni hadi amkamate mwenziwe. Hatukuona kwamba mambo hayo mawili yanahusiana. Sasa twaona.

Kosa lenye kanuni

Ili tuelewane, hatuna budi kutofautisha vicheko viwili ambavyo mara nyingi huchanganywa. Cha kwanza tutakiita kicheko cha mgongano. Hiki huzuka pale sauti moja inapobadilishwa na neno lililokusudiwa likaangukia neno jingine lililo halali katika lugha ile ile. Cha pili tutakiita kicheko cha sauti tupu: hapana neno lililogongana na jingine, ila msikilizaji anacheka kwa kuwa sauti si yake.

Mifano ya mgongano katika Kiswahili cha Kenya ni mingi, nasi tutachukua mitatu. Dholuo haina sauti ya sh. Kwa hiyo Mjaluo anayejifunza Kiswahili huelekea kuiweka s mahali pake. Kwa maneno mengi hilo halileti mashaka: ‘samba’ itaeleweka kuwa ni shamba. Lakini mwalimu akitangaza kwamba kesho kutwa wanafunzi wote watakuwa na ‘sindano’, nusu ya darasa watabaki nyumbani kwa kuogopa daktari, ilhali alikusudia shindano la mbio. Kikuyu, kwa upande wake, kina sauti moja tu mahali ambapo Kiswahili kina l na r. Ndiyo maana wakati wa uchaguzi mkuu hurudi ule mzaha wa zamani, usiochakaa, wa mwananchi aliyekwenda kupiga ‘kula’. Kwa jinsi mambo yaendavyo, wengine husema kwamba huyo ndiye aliyelitamka neno sawasawa. Na katika baadhi ya lugha za magharibi mwa Kenya, b na p hazitenganishi maneno kama zinavyotenganisha katika Kiswahili, hata mtoto akasema ‘papa amekuja’. Nairobi sentensi hiyo itapita. Isemeni Msambweni, mbele ya wavuvi wanaopanda ngalawa, muone.

Mifano hiyo inatuonyesha jambo moja muhimu. Mkosaji hakosei ovyo. Kila penye sh ataweka s, leo na kesho, katika neno alilolizoea na katika neno alilolisikia sasa hivi. Analolifanya ni kanuni. Ila kanuni hiyo ni ya lugha yake ya kwanza, ambayo ameivusha mto pamoja na mizigo mingine. Wataalamu wa isimu wameandika mengi juu ya uhamishaji wa namna hii. Mchekeshaji aliyajua hayo bila kuyaandika. Kama angekosea ovyo, watu wasingecheka, kwa sababu wasingeweza kulitabiri kosa. Na nusu ya utamu wa kicheko hiki ni kulitabiri kosa kabla halijatamkwa.

Ushahidi mkubwa wa kanuni hiyo ni kwamba lafudhi inaweza kujifunzwa na mtu asiyekuwa nayo. Mzee Ojwang’ wa Vitimbi, kipindi cha televisheni kilichodumu kwa miaka mingi katika Sauti ya Kenya na baadaye KBC, alikuwa mume wa Mama Kayai na Mjaluo asiyetiliwa shaka na mtazamaji yeyote. Kiswahili chake, mwendo wake na hata namna yake ya kukasirika vilikuwa vya Mjaluo wa kweli kweli. Aliyemwigiza, marehemu Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu. Wengi walilijua jambo hilo kwa mara ya kwanza walipozisoma habari za kifo chake. Tufikirie alilolifanya. Kwanza aliiweka kando kanuni ya lugha yake mwenyewe, ya l na r. Kisha akaivaa kanuni ya Dholuo juu ya Kiswahili. Alifanya hivyo kwa mazungumzo ya haraka, mwaka baada ya mwaka, bila ya kuteleza. Kazi hiyo inataka ujuzi wa mifumo mitatu ya sauti, na twathubutu kusema kwamba wapo walimu wa fonolojia ambao hawangeiweza.

Uingereza nao walikuwa na mfano unaofanana na huo kwa namna ya kushangaza. Katika Fawlty Towers, mchezo ulioandikwa na John Cleese pamoja na Connie Booth kwa BBC, wenye vipindi kumi na viwili tu vilivyoonyeshwa mwaka 1975 na 1979, yumo mtumishi wa hoteli aitwaye Manuel, mtu wa Barcelona, ambaye kila agizo la bwana wake humfikia likiwa limepinda. Aliyemwigiza, Andrew Sachs, alizaliwa Berlin mwaka 1930, na familia yake ilikimbilia Uingereza mwaka 1938 kuwakimbia Wanazi. Ni Mjerumani kwa kuzaliwa, Mwingereza kwa kulelewa, na Mhispania kwa riziki. Katika darasa la Bwana Brown nako, Mgiriki aliigizwa na Kevork Malikyan, Muarmenia aliyezaliwa Uturuki, na Mfaransa aliigizwa na Françoise Pascal, aliyezaliwa Morisi.

Mchezo wa Fawlty Towers ulipotiwa sauti za Kihispania, Manuel aligeuzwa akawa Mwitaliano. Na katika Kikatalani alifanywa Mmeksiko. Watafsiri walielewa kwamba kinachotakiwa kuhamishwa ni uhusiano, wala si taifa: yaani mtu ambaye kwa watazamaji hawa ni jirani asiyekuwa mwenzao. Lau mchezo huo ungefasiriwa kwa Kiswahili na kuwekwa katika hoteli ya Diani, mtafsiri angelazimika kuamua Manuel ni nani. Akimfanya Mdigo, atakuwa amemtukana mwenyeji katika ardhi yake mwenyewe. Akimfanya mtu wa bara, watalalamika wa bara. Na akimfanya Mwitaliano, watu wataamini kwamba yeye ndiye mwenye hoteli.

Mahakamani

Katika Vioja Mahakamani, kipindi kingine kilichopendwa tangu siku za Sauti ya Kenya, mambo yamepangwa kwa namna inayomnufaisha mchunguzi wa lugha kuliko Vitimbi. Hapa pana hakimu, mwendesha mashtaka, mshtakiwa na mashahidi. Mashtaka ni ya kila siku: mtu ameiba kuku, mwingine ametapeli, mwingine amemtukana jirani. Mshtakiwa huulizwa swali fupi naye hujibu kwa safari ndefu. Kipindi kina nia ya kufundisha sheria, na twaamini kilifundisha. Lakini watu hawakukitazama kwa ajili hiyo.

Kiswahili cha hakimu ni sanifu. Kiswahili cha mshtakiwa kina lafudhi ya kwao. Kwa haraka, basi, twaweza kusema kwamba hakimu ndiye Bwana Brown na mshtakiwa ndiye Ali. Kufanana huko kunadanganya. Bwana Brown alizaliwa ndani ya Kiingereza. Hakimu wa Vioja naye alikwenda shule kukipata Kiswahili chake, na mtazamaji anamjua hivyo. Hapana mtu katika mahakama ile aliyezaliwa na Kiswahili sanifu kinywani. Wote wamepanga katika nyumba moja, tofauti ni nani aliyetangulia kulipa kodi. Ndiyo sababu kicheko cha Vioja huzunguka. Leo anachekwa Mjaluo, kesho Mluhya, keshokutwa Mkikuyu au Mkamba. Na kila mmoja hungoja zamu ya jirani yake kwa hamu akijua kwamba yake iko njiani. Katika darasa la London, zamu ya Mwingereza haikufika kamwe, isipokuwa kwa Bi Courtenay, ambaye alichekwa kwa tabia yake na wala si kwa ulimi wake.

Wako Waingereza waliokwisha kuuona upungufu huo wakaurekebisha. Katika ’Allo ’Allo!, mchezo wa BBC wa 1982 hadi 1992 ulioandikwa na Jeremy Lloyd na David Croft, tumo katika mkahawa wa Ufaransa wakati wa vita vya pili vya dunia. Lugha zote zimewakilishwa kwa Kiingereza: Wafaransa wanakisema kwa lafudhi ya Kifaransa, na Wajerumani kwa ya Kijerumani. Kisha anaingia jasusi wa Kiingereza, Crabtree, aliyevaa sare za polisi wa Kifaransa na anayeamini kwamba anakisema Kifaransa vizuri. Irabu zake zote zimehama. Alipotaka kusema ‘nilikuwa nikipita’, alitamka neno jingine lisilofaa kuandikwa katika jarida hili. Ni kicheko cha mgongano kilicho safi kabisa, na anayechekwa ni yule mwenye lugha, ametolewa nje ya uzio wake. Baadaye, wasanii wa asili ya Kihindi waliolelewa Uingereza walitengeneza Goodness Gracious Me, iliyoanza redioni mwaka 1996 na kuonekana kwenye televisheni kuanzia 1998. Kichekesho chao kinachotajwa sana ni cha vijana wa Bombay waliolewa, wakaingia katika mkahawa wa ‘chakula cha Kiingereza’, wakaagiza chakula kisicho na ladha kuliko vyote, na wakaliharibu jina la mtumishi wa Kizungu kila walipomwita. Hapana tusi jipya ndani yake. Yaliyomo yote ni mambo ambayo Waingereza walikuwa wakiyafanya katika mikahawa ya Kihindi kila Ijumaa usiku, yamegeuzwa tu upande.

Kuhusu kicheko kinachowaelekea wakubwa tutasema machache, maana kinastahili makala yake. Uingereza walikuwa na Spitting Image, vikaragosi vya mpira vilivyowaiga mawaziri na wafalme tangu 1984 hadi 1996. Kenya ya miaka hiyo haikuwa na nafasi ya mzaha wa namna hiyo. Lafudhi iliyochekwa hadharani ilikuwa ya mshtakiwa, kamwe si ya Rais. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ndipo vijana watatu wa Redykyulass, Walter Mong’are, John Kiarie na Tony Njuguna, walipoithubutu sauti ya Rais Moi, nayo nchi ikashtuka kisha ikacheka. Mwaka 2009 Gado, mchora katuni mzaliwa wa Tanzania, alivileta vikaragosi vyenyewe katika The XYZ Show, na hapo ukoo wa Kiingereza na wa Kifaransa hauna haja ya kutafutwa, kwani unaonekana usoni mwa kila kikaragosi.

Sikio la Kwale

Tumesema kwamba katika mahakama ya Vioja hapana mwenye nyumba, na wote ni wapangaji. Msomaji wa pwani atakuwa amekwisha kutupinga. Atauliza: na sisi je?

Ni kweli kwamba mtu wa pwani anapoingia katika vichekesho vya bara hupewa cheo cha mwenye lugha. Hachekwi kwa kukosea. Huchekwa kwa kupatia mno: kwa salamu zisizokwisha, kwa adabu inayomchelewesha mgeni mlangoni, kwa usemi wa taratibu ambao mwigizaji huuchora kuwa uvivu. Ni heshima ya ajabu, mfano wa kumkaribisha mtu mezani ili aonyeshwe namna anavyokula polepole.

Lakini cheo chenyewe kina walakini. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, kwa uamuzi wa mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928, na kazi yenyewe ikakabidhiwa Kamati ya Lugha ya mwaka 1930. Wanamvita walilalamika, na kwa haki. Walioko kusini ya Mvita hawakuulizwa hata walalamike. Kutoka Gazi hadi Funzi kuna wasemao Chifundi. Wasini na Vanga kuna Kivumba. Na bwana mmoja, H. E. Lambert, aliviandikia lahaja hizo vitabu vidogo mwaka 1957 na 1958, bila ya hizo kuwa na nafasi darasani wala redioni. Wenyeji hao ni Waswahili kwa kuzaliwa, nao hupimwa kwa kipimo cha Unguja kama yeyote aliyetoka Kisumu.

Ama sisi wa Samburu, hali yetu ni ya kati na kati. Kiduruma, pamoja na Kidigo, Kigiriama na wenzao wa Kimijikenda, ni ndugu wa Kiswahili katika kundi ambalo wanaisimu huliita Sabaki, wakiwemo pia Wapokomo na Wangazija. Undugu huo uko wazi kwa sikio lolote. Kiswahili husema maji, jino, mji, kitu, watu. Kiduruma husema madzi, dzino, mudzi, chitu, atu. Mtoto wa Samburu anapoingia darasa la kwanza, maneno mengi ya Kiswahili huwa anayo tayari, ila yamevaa nguo za nyumbani. Anapoomba ‘madzi’, hapana mwalimu duniani anayeweza kukosa kuelewa anataka nini. Neno hilo haligongani na neno jingine lolote la Kiswahili.

Na bado huchekwa. Hapo ndipo ile tofauti ya vicheko viwili inapotufaa. ‘Sindano’ ya Mzee Ojwang’, kama angeitamka, ingechekesha kwa sababu maana mbili zimekutana mlangoni na zote mbili zina haki ya kupita. ‘Madzi’ haina maana ya pili. Anayecheka hakuona mgongano wowote. Amesikia sauti tu, na sauti hiyo imemwambia mtoto huyu ametoka wapi. Mchekeshaji hodari hutafuta mgongano, hata ikimgharimu juma zima kuupata. Asiye hodari huridhika na sauti, kwani hiyo haina gharama. Katika Mind Your Language vyote viwili vimo, na twadhani Michael Grade aliyakataa yale ya pili yakaondoka pamoja na ya kwanza.

Twakiri kwamba katika miaka yote ya kusikiliza redio na kutazama televisheni hatujapata kukisikia kichekesho cha mgongano kilichojengwa juu ya Kiduruma na Kiswahili. Si kwamba nyenzo hazipo. Undugu wa lugha huzaa maneno mengi yanayofanana kwa sura na kuachana kwa maana, na hayo ndiyo mali ya mchekeshaji. Kinachokosekana ni ukumbi wenye masikio mawili. Mzaha wa kura na kula huchekwa nchi nzima kwa kuwa nchi nzima imekwisha kuijua kanuni ya Mkikuyu, hata asiyejua neno lolote la Kikuyu. Kanuni ya Mduruma haijulikani Kisumu wala Nyeri, hivyo mchekeshaji wa Nairobi hana la kufanya nayo.

Lakini ukumbi huo upo, ingawa ni mdogo. Mwandishi aliuona akiwa ameketi ndani yake. Katika Kiduruma, ‘kuhenda’ ni kufanya. Mwalimu mmoja mgeni, kijana mpole aliyetoka mbali, alikuwa akiita majina ili kujua wazazi gani watahudhuria mkutano wa mchana. Alimwuliza mtoto wa dawati la mbele baba yake yuko wapi. Mtoto, aliyeonywa asiseme lugha ya nyumbani, alisimama wima akalitafuta neno la Kiswahili, akalikosa, akasema kwa sauti: ‘Anahenda kazi.’ Mwalimu akatikisa kichwa kwa huruma, akaandika kwamba mzazi huyo amekwenda kazini na hatakuja. Wakati huo baba alikuwa nje ya dirisha, hatua tatu kutoka kwenye meza ya mwalimu, akipigilia misumari katika ua wa shule.

Darasa zima lilianguka kicheko. Baba alichungulia ndani na nyundo mkononi, akaelezwa kwa Kiduruma, naye akacheka hata akashika dirisha. Mwalimu aliweka kalamu chini, akatutazama mmoja mmoja, kisha akamwuliza yule yule mtoto wa mbele amfundishe kinachochekesha.